Kabla hujapiga Linux: unachopata na unachokiacha

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika kesho yake. Zinawaka, zinachapa na kufungua YouTube kama kawaida. Kilichokatika ni viraka vya usalama: tundu lolote linalogunduliwa baada ya siku hiyo linabaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye huduma ya nyongeza, ambayo kwa mtumiaji wa nyumbani ilitangazwa kuwa ya mwaka mmoja zaidi.

Ungedhani dawa ni kupanda Windows 11 na mambo yakaisha. Lakini Windows 11 inachagua mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8 na kuendelea. Sasa tazama laptopu za mtumba zinazoshuka kwetu kutoka maofisi ya Uingereza na Dubai: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, ThinkPad T460. Zote ni kizazi cha 6. Bodi ngumu, kibodi nzuri, ukiziongezea RAM na SSD zinakimbia vizuri tu. Kwa Microsoft zimeshastaafu. EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inaruhusiwa kuingia. Nduguye G3 amebaki nje.

Hapo ndipo jina la Linux linapoanza kutajwa, mara nyingi na kijana mmoja wa IT mwenye shauku kupita kiasi.

Kwa asiyeifahamu: mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland, aliandika kiini cha mfumo endeshi (programu mama inayoendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) akakiweka hadharani. Mwaka uliofuata alikiwekea leseni ya GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman, ambayo inamruhusu yeyote kukitumia, kukisoma, kukirekebisha na kukigawa. Juu ya kiini hicho watu wamejenga matoleo yao: Debian tangu 1993, Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini tangu 2004, Linux Mint iliyojengwa juu ya Ubuntu, na mengine tele, kiasi cha kumchanganya mgeni. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inatumia kiini hichohicho. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux. Kwamba Linux inafanya kazi, hilo lilishafungwa zamani. Ubishi umebaki kwenye kompyuta ya mezani, ya mtu wa kawaida mwenye barua za kuchapa na printa ya kuunganisha.

Nitazungumzia zaidi Linux Mint, kwa sababu ndiyo ninayompa mtu anayetoka Windows. Kitufe cha menyu kiko kushoto chini, saa kulia chini, na hakuna anayelazimika kujifunza upya namna ya kufungua folda.

Bei ni hoja dhaifu kwetu

Makala nyingi za Ulaya na Marekani kuhusu jambo hili huanza na bei. Kule leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139, kwa hiyo mfumo wa bure ni akiba inayoonekana. Kwetu hoja hiyo inaanguka mapema. Nenda Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, hukosi fundi wa kukupigia Windows na Office juu yake kwa hela ya mboga, na neno leseni halitajwi. Kwa mwenye laptopu, Windows ile na Linux zote ni bure, tena ya kwanza ameshaizoea. Ukitaka kumshawishi mtu wa hapa kwa neno bure, umechelewa.

Cha kulinganisha ni kile kinachofuata fundi akishaondoka.

Windows ya magendo huja na kiprogramu cha kuvunja leseni, na maelekezo yake ya kwanza karibu kila mara ni kuzima antivirusi. Fikiria hilo kidogo. Unampa mtu usiyemjua funguo zote za mashine, na kabla hajaingia unamfungia mbwa. Desemba 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Red Canary walieleza jinsi nakala za KMSPico, kivunja leseni maarufu, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mtu anayefungua akaunti ya benki kwenye laptopu ya namna hiyo hajapata kitu cha bure.

Ukiweka Linux Mint, mchezo huo haupo. Hakuna cha kuvunja. Toleo la 22, lililotoka 2024, linapata viraka vya usalama hadi 2029, na laptopu ya kizazi cha 6 inavipata sawasawa na mpya. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na haivutii macho hata kidogo: ni mashine ya zamani inayoendelea kuhudumiwa bila mwenyewe kujificha.

Faida ya pili inaonekana haraka zaidi, hasa ukikaa kwenye duka la steshenari. Mteja anakuja na flashi, anaichomeka, na badala ya folda zake anakuta vijipicha vya njia za mkato. Kile kirusi kimeficha folda halisi na kuweka mitego mahali pake. Ukibonyeza mtego, kirusi kinahamia kwenye kompyuta ya duka, na kila flashi itakayofuata nayo inaondoka nacho. Chomeka flashi hiyohiyo kwenye Mint: folda zilizofichwa zinaonekana zimekaa pale pale, na mitego imelala pembeni haina kazi, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya Windows. Unafungua kazi ya mteja, unachapa, unafuta takataka. Hii haina maana kwamba Linux haishambuliwi. Seva za Linux zinashambuliwa usiku na mchana. Ila virusi vya flashi vinavyozunguka mitaani kwetu havijui la kufanya humo.

Bando nalo lina sehemu yake. Kila aliyewahi kuunganisha laptopu ya Windows kwenye hotspoti ya simu anajua maumivu ya kukuta GB zimekwenda kwa masasisho ambayo hakuyaomba. (Ndiyo, kuna mpangilio wa kuzuia hilo. Ni wangapi wanaujua?) Mint inakuonyesha kialama kwamba kuna masasisho, pamoja na ukubwa wake, kisha inakusubiri useme. Ubuntu yenyewe haina subira hiyo: vifurushi vyake vya programu, viitwavyo Snap, hujisasisha vyenyewe, na wa Mint walivizuia tangu toleo la 20 kwa sababu zao za kiitikadi ambazo mwenye bando dogo atazishukuru.

Je, msimbo ulio wazi ni salama zaidi?

Mashabiki wa programu huria, yaani zile kama Linux ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote, hupenda kusema kwamba macho mengi yakiutazama msimbo, makosa hayana pa kujificha. Upo ukweli, lakini kisa cha Machi 2024 kinaonyesha pande zote mbili.

Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inayoitwa xz, iliyomo karibu kila toleo la Linux. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mchapakazi, mpole, na kwa zaidi ya miaka miwili akajijengea imani hadi akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Akayatumia kupenyeza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu dunia nzima. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliuanika hadharani. Alikuwa akipima programu nyingine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Akachimba hadi akaukuta.

Mlango huo ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini haukufika kwenye yale ya watu wengi. Nani kashinda? Aliyeukamata aliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Kwenye programu iliyofungwa angebaki kushangaa ile nusu sekunde. Lakini aliyeupanda naye aliweza kwa sababu nguzo ya dunia nzima ilikuwa imemwelemea mtu mmoja aliyechoka na asiyelipwa. Uwazi unasaidia pale tu ambapo yupo anayetazama, na kutazama ni kazi inayohitaji mtu wa kuilipia.

Yanayouma

Sasa tuje kwenye hasara, na hapa ndipo wengi wanaohamia hurudi nyuma ndani ya wiki chache.

Kinachoamua ni programu moja inayokupa riziki. Kwa anayeishi ndani ya kivinjari, yaani barua pepe, WhatsApp ya wavuti, Google Docs, mikutano ya Zoom, hakuna cha kupoteza. Firefox imo tayari, Chrome ipo, Zoom ina toleo la Linux. Lakini Photoshop haipo. CorelDRAW haipo. Microsoft Publisher, ambayo nusu ya kadi za harusi za mitaani zimezaliwa humo, haipo. Zipo mbadala kama GIMP, Inkscape na LibreOffice Draw, nazo hufungua baadhi ya mafaili hayo, lakini maandishi yanasogea, rangi zinabadilika, na mteja anayetaka kadi yake saa kumi hana muda wa kusikia habari za uhuru wa programu. Kuna Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Kwa programu ndogo na za zamani inaweza kukufaa. Usiiwekee dhamana biashara yako kabla hujaijaribu kwa faili halisi la kazi.

Printa ni kisa kingine. HP nyingi huingia zenyewe, kwa kuwa kampuni yenyewe ilitengeneza draiva za Linux, yaani programu za kuifanya kompyuta itambue kifaa. Epson za tangi zinachapa vizuri vilevile. Halafu siku moja taa zinaanza kupepesa, printa inagoma, inadai pedi ya wino taka imejaa. Kila fundi wa steshenari anajua dawa: programu ya kuirudisha hesabu sifuri. Programu hiyo ni ya Windows. Kwa hiyo duka linalohamia Linux lijiwekee kompyuta moja ya Windows pembeni, au lijue jirani wa kumwendea.

Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, tatizo litaitwa fonti. Mint huja na LibreOffice, inayofungua faili la Word bila shida. Ila Times New Roman na Calibri ni mali ya watu, hazimo. Linux huweka badala yake fonti zenye upana uleule: Liberation Serif mahali pa Times, Carlito mahali pa Calibri. Mistari haibadiliki sana, lakini majedwali, vichwa vya kurasa na yaliyomo vinaweza kuteleza, na msimamizi wako akifungua kwenye Word yake anaona sura ya nne imeanzia ukurasa mwingine. Times New Roman na Arial zinapatikana kwa kuweka kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer. Kazi ya kuchapwa itoe kama PDF. Na kama idara yako hupitisha rasimu kwa mtindo wa kufuatilia mabadiliko ndani ya Word, tumia Word ya kwenye kivinjari kwa hatua hiyo. Inafunguka kwenye Linux kama kwingine. Mwenye makro za Excel, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili, asubiri kwanza. Makro ndefu za Excel huwa zinakwama LibreOffice, na ofisi nyingi zina karatasi moja ya mahesabu iliyotengenezwa na mtu aliyeshaondoka, ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Kisha kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya huliruka, kwa kuwa huko intaneti iko ukutani. Kwenye Windows unaweza kubeba programu nzima kwenye flashi, ukaiweka kwenye kompyuta iliyoko kijijini pasipo mtandao. Kwenye Linux programu moja huegemea vifurushi vingine kadhaa, na mfumo unavivuta kutoka kwenye ghala lake la mtandaoni. Ukiwa na intaneti ni raha kuliko Windows: unatafuta jina, unabonyeza, imekwisha, hakuna tovuti za mashaka. Bila intaneti, unakwama. Mfumo wa Flatpak, njia nyingine ya kuweka programu, nao ukiuanza unaweza kuvuta mamia ya MB kwa programu ndogo tu. Mafaili ya AppImage yanabebeka kwenye flashi na kufunguka bila kuwekwa, lakini si kila programu ina toleo hilo.

Wi-Fi huumiza wachache, ila inawaumiza vibaya. Chipu za Intel kwa kawaida hushika zenyewe. Baadhi ya za Broadcom hazishiki hadi upate draiva, na draiva iko mtandaoni, na mtandao huna. Suluhisho liko mkononi: unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki mtandao kwa USB, na Linux itaiona kama waya wa intaneti. Kisha pakua draiva.

Michezo nitaipita haraka. Mingi siku hizi inacheza kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni. Ile yenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, kama Valorant na Fortnite, haichezi. Kama kijana wa nyumbani anaishi kwa Fortnite, mazungumzo yameishia hapo.

Juu ya yote haya, swali ambalo ningelitanguliza: ikiharibika, nani ataitengeneza? Windows ikigoma, mtaa mzima una mafundi. Linux ikigoma, fundi wa kona atakuangalia kidogo, kisha atakwambia tuipige Windows. Hana nia mbaya, ndicho anachokijua. Majibu ya karibu kila tatizo yapo mtandaoni, lakini mengi yako kwa Kiingereza. Kiswahili kilishawahi kujaribiwa: mradi wa Kilinux, ulioendeshwa kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washauri wa Kiswidi wa IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Programu huria inamruhusu yeyote kufanya hivyo bila kuomba ruhusa. Haimlazimishi yeyote kuendelea, na tafsiri isiyoendelezwa huzeeka upesi.

Ofisi nzima ikitaka kuhama

Kwa shule, halmashauri au asasi, mfano unaotajwa sana ni jiji la Munich, Ujerumani. Liliamua mwaka 2003 kuachana na Windows, na miaka kumi baadaye kompyuta kama 15,000 zilikuwa zinatumia LiMux, Linux yao wenyewe. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wapinzani wa Linux hukitumia kisa hiki kama ushahidi wa mwisho. Wapenzi wake hukumbusha kwamba Microsoft ilikuwa imehamishia makao yake ya Ujerumani jijini humo mwaka 2016. Mimi naona zaidi malalamiko ya wafanyakazi: nyaraka kutoka ofisi nyingine zilizofunguka vibaya, na idara za IT zilizotawanyika bila kauli moja.

Polisi wa Gendarmerie wa Ufaransa walipita njia nyingine. Mwaka 2005 waliwapa askari OpenOffice, programu huria ya ofisi, wakiwa bado kwenye Windows. Mwaka 2006 wakaleta Firefox na Thunderbird ya barua pepe. Mwaka 2008, watu wakiwa wameshazoea programu hizo, ndipo wakaanza kubadilisha mfumo wa chini kuwa Ubuntu. Askari alipofika Linux alikuta vitu alivyokwisha vizoea. Hawakurudi.

Njia hiyo inafaa hata kwa mtu mmoja. Weka LibreOffice na Firefox kwenye Windows yako ya sasa, ufanye nazo kazi za kweli kwa mwezi. Zikikushinda humo, Linux haitazigeuza kuwa tamu.

Zikikubali, jaribu Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku au la chuo. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, washa laptopu ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, chagua flashi. Mfumo mzima utafunguka kutoka humo. Utakuwa mzito kidogo, huo ni uzito wa flashi. Pima Wi-Fi, sauti, kamera, printa, kisha ufungue mafaili yako matatu magumu kuliko yote. Ukizima, laptopu inarudi ilivyokuwa.

Ukiamua kuiweka kabisa, nakili kazi zako nje kwanza. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, maana baadhi ya laptopu huja imewashwa bila mwenyewe kujua. Bila ile namba ndefu ya kufungulia, mafaili yanaweza kupotea moja kwa moja. Ukichagua kuweka mifumo yote miwili, zima Fast Startup, mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka, la sivyo Linux itakataa kuandika kwenye diski ya Windows. Na usishangae ukirudi Windows ukakuta saa imekosea kwa saa tatu kamili. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa majira ya Greenwich, Windows huisoma kama ya Afrika Mashariki. Amri moja kwenye Linux, timedatectl set-local-rtc 1, inazipatanisha.

Na kama ni duka au ofisi, anza na kompyuta ya mapokezi, ile inayopokea flashi za kila mtu. Ya mhasibu iache mwisho.